Viwavi wa Wigoni

Kwanza nianze kwa kusema kwamba mimi si mwongo. Nimesema uongo mmoja tu maishani mwangu, wa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "ndiyo". Tatizo ni kwamba uongo ule ulitaka kulishwa kila wiki, miaka kumi na mmoja mfululizo.

Kazi yangu ni kulea viwavi. Chekeni, nimeshazoea. Mtaani wananiita Baba Viwavi, na mke wangu wanamwita Mama Viwavi, jina ambalo hajawahi kunisamehe. Niko kwenye taasisi ya wadudu, chumba cha mwisho kwenye korido. Kina milango miwili, na huruhusiwi kufungua wa pili kabla hujafunga wa kwanza. Madirisha yake yana wavu mwembamba na hayajafunguliwa tangu yawekwe, kwa sababu nyigu wakiingia watataga ndani ya viwavi wangu na nitabaki nimelea nyigu. Humo kuna rafu nne za visanduku vya mbao, kila kisanduku na viwavi wake na majani yao. Kiwavi hajui Jumapili wala msiba. Jani likinyauka anakufa njaa, na muuaji ni wewe. Kwa hiyo miaka ishirini na mmoja sijalala mbali na chumba kile zaidi ya siku mbili.

Tunachotafuta ni maisha ya kila kipepeo, toka yai mpaka mbawa, na hasa anakula nini. Watu wanadhani kiwavi anakula jani lolote. Thubutu! Kiwavi ni mteuzi kuliko bibi harusi. Mama yake anazunguka siku nzima kutafuta mmea mmoja tu, anaonja majani kwa miguu, na asiporidhika anaondoka na mayai yake tumboni. Ndiyo maana kila kisanduku kina fomu, na kwenye fomu kuna mstari wa mmea. Mstari ule ukikosewa, fomu nzima haina maana.

Sasa kulikuwa na kipepeo mmoja aliyemnyima Mkurugenzi wetu usingizi. Wataalamu wana jina lake refu la kuvunja taya. Sisi chumbani tunamwita mrukaji. Ukimwona utadhani ni nondo aliyepotea njia: mwili mnene, kichwa kikubwa, vipapasio vimepinda ncha kama ndoano. Hapepei kama wenzake. Anafyatuka hapa, anatua pale, na macho yako yameachwa. Wakubwa tulikuwa nao tele makabatini, wamechomwa pini. Lakini watoto wao walikuwa wanakula nini? Hakuna aliyejua. Mkurugenzi, mama wa makamo asiye na mume wala mtoto, aliusaka mmea ule miaka saba.

Nikaupata mimi, kwa kuteleza. Mkurugenzi alikuwa safarini, nami nilishuka bondeni nyuma ya taasisi kukata nyasi za viwavi wengine. Mguu ukaniponyoka, nikadaka mtambaa mmoja wenye majani ya manyoya kwa chini, na jani likafunguka mkononi mwangu. Ndani alikuwa amelala kiwavi wa kijani, kichwa cheusi kinang'aa, sawasawa na mchoro wa zamani wa mtoto wa mrukaji uliobandikwa ukutani kwetu. Nikatazama majani mengine. Lo! Kila penye jani lililokunjwa kulikuwa na mwenye nyumba. Wanakata ukingo wa jani mara mbili, wanakunja kile kipande kama mdomo wa bahasha, wanakishona kwa uzi wa mate yao, na wanalala humo mchana kutwa. Kinyesi hawaweki nyumbani. Wanakifyatua nje kwa nguvu, mbali, ili nyigu asinuse mlango wao ulipo. Wasafi kuliko mashemeji zangu.

Nikabeba sita pamoja na majani yao. Kwenye fomu, mstari wa mmea nikauacha wazi, maana jina la ule mtambaa sikulijua. Nikasema Mkurugenzi akirudi atalijaza.

Halafu mvua ikanyesha siku tano. Bonde likajaa maji, hakuna wa kushuka. Majani yakaisha, viwavi wakaanza kutangatanga kisandukuni wakinyanyua vichwa. Mimi roho iliniuma, nikatoka na mwavuli mpaka kwenye wigo wa taasisi, ule wa vichaka vya kupandwa vilivyoletwa kutoka mbali. Majani yake yanafanana kidogo na ya mtambaa, ila ni manene. Nikachuma. Viwavi walishakua, taya zao nzito. Wakanuna nusu siku, kisha wakala. Njaa haina adabu.

Siku ya tatu ya majani yale, Mkurugenzi akaingia na wageni wanne, hata begi hajaweka chini. Akainama, akaona viwavi, akaona wanachokula.

"Wigo wetu!" akasema. "Miaka saba nazunguka misituni, kumbe uko mlangoni kwangu!" Machozi yakamtoka mbele ya wageni. Akanigeukia, akanishika mkono. "Mlezi, uliwakuta kwenye wigo?"

Nilifungua mdomo kusema walikuwa bondeni, ila mvua, ila majani. Wageni walikuwa wanapiga makofi. Hebu nawe jiweke hapo.

"Ndiyo," nikasema.

Akatoa kalamu yake akaujaza ule mstari kwa mkono wake. Nilijiambia nitamweleza jioni. Jioni alikuwa ameshaandika barua kwa wenzake. Wiki iliyofuata nikafanywa mlezi mkuu, nikapewa nyumba ya vyumba vitatu ndani ya eneo la taasisi, na mke wangu alikuwa ameshahamisha vyombo. Nikajiambia funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu hakupita, alihamia.

Kwa sababu wageni walianza kuja. Wanafunzi, wataalamu, wapiga picha, kila mtu anataka kumwona kiwavi wa wigoni. Na wigoni hapakuwa na kiwavi hata wa dawa. Kwa hiyo kila Jumapili mchana, wenzangu wakiwa wamejinyoosha, mimi nilishuka bondeni na kisanduku, nikachukua viwavi wakubwa kwenye mtambaa, nikapanda nao, nikawaweka wigoni. Wakipewa usiku mmoja wanashona nyumba zao wenyewe. Lakini kuna wageni wasiotoa taarifa! Kwa ajili ya hao nilishona nyumba mwenyewe. Nilikuwa nachukua uzi mweupe wa mke wangu, nafumua unyuzi mmoja, nakunja jani, nafunga. Mwanamume mzima, mvi kichwani, nimechuchumaa kwenye kichaka nashonea mdudu nyumba.

Majirani wakamwambia mke wangu nina mwanamke bondeni. Jumapili moja akanifuata. Akanikuta nimepiga magoti, kiwavi begani, uzi mdomoni. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauchomoa ule uzi mdomoni mwangu.

"Mume wangu," akasema, "bora ingekuwa mwanamke. Mwanamke ningempiga yakaisha."

Niliandika barua ya kuacha kazi mara mbili, na mara mbili nikaichana. Ningeondoka, nani angeweka viwavi? Wiki moja tu wigo ukiwa mtupu, wangeanza kuuliza. Sikuweza kuugua. Mama yangu mzazi alipofariki nilizika asubuhi, jioni nikapanda gari kurudi, watu wakasema huyu ana moyo wa jiwe. Nikiwa chumbani, mlango wa kwanza umefungwa na wa pili umefungwa, nilihisi kifua kimebanwa, nikawa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikihesabu pumzi. Hakuna aliyenifungia. Nilijifungia mwenyewe kwa neno moja.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu hayakusubiri mjukuu, yalikuja na mtoto wa kumzaa mwenyewe.

Binti yangu bibi yake alimpa jina la Sindano, kwa vile alivyochoma watu kwa maswali tangu ana miaka mitatu. Alikulia kwenye korido ile, akapenda wadudu kabla hajapenda ndoo na doli. Akasoma, akapanda, akafika shahada ya pili, na akarudi kwetu kufanya utafiti wa mwaka mmoja. Mkurugenzi alifurahi kupita kiasi. Akampa kazi ya heshima: kuhesabu maisha ya mrukaji wigoni, mayai mangapi yanatagwa, vichanga wangapi wanaishi, wangapi wanafikia mbawa.

"Damu ya aliyegundua," Mkurugenzi akasema. Mimi nilikuwa nimeshika mlango.

Nilijaribu kumgeuza, Mungu ni shahidi. Nikamwambia, "Mama, soma mchwa. Mchwa wana maisha ya kusisimua sana."

"Baba, mchwa? Kipepeo wako mwenyewe unamkimbia?"

"Kereng'ende je?"

"Baba, una nini?"

Sikio la kufa halisikii dawa, ila hapa sikio la kufa lilikuwa langu.

Akafunga utepe wenye namba kwenye vichaka themanini vya wigo. Kila asubuhi alivipitia vyote, jani kwa jani, na kioo cha kukuzia kining'inia shingoni. Mwezi wa kwanza alikuta viwavi ishirini na wawili, kazi ya mikono yangu, nimechoka mgongo. Akafurahi. Mwezi wa pili akaanza kukunja uso.

"Mama," akamwambia mke wangu mezani, "mbona wote wakubwa? Hakuna yai. Hakuna kichanga. Hawa wanatoka wapi, wanadondoka toka juu?"

Mke wangu alinitazama jicho moja tu, na mimi nikaangalia sahani.

"Labda mayai hujui kuyatafuta," nikasema. Mimi huyo, nikamwambia mwanangu hivyo.

Akaniamini. Akawa anaamka mapema zaidi, anarudi macho mekundu. Mwezi wa tatu wote hakuna yai. Msimamizi wake wa chuo akamwandikia kwamba utafiti wa maisha usio na mayai si utafiti, na kwamba asipopata mpaka katikati ya mwaka atanyang'anywa nafasi. Siku hiyo nilimkuta amekaa chini ya kichaka namba hamsini na kitu, anafuta pua kwa mkono wa shati.

Nikaamua nimpe mayai.

Yai la mrukaji ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti, la mviringo, rangi ya maziwa. Nilishuka bondeni na wembe, nikayabandua moja moja kutoka kwenye mtambaa. Chumbani tunabandika lebo kwa gundi ya unga wa ngano, kwa sababu gundi ya dukani harufu yake inadhuru viwavi. Nikachovya ncha ya sindano kwenye gundi ile, nikaweka yai kwenye jani la wigo. Tisa siku ya kwanza.

Asubuhi yake alikuja mbio mpaka jikoni, kiatu kimoja hana. "Mayai! Baba, mayai tisa! Ulisema kweli, nilikuwa sijui kutafuta!" Akanikumbatia. Mke wangu akatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Siku ya sita vichanga wakatoka. Kichanga wa mrukaji akitoka anakula kwanza ganda la yai lake, ndiyo uji wake wa kwanza, kisha anageukia jani. Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Wale wa mwanzo, wa ile mvua, walishakuwa wakubwa na taya za kazi. Hawa taya zao ni kama hazipo. Jani la wigo kwao ni soli ya kiatu. Walikwaruza, walizunguka, walikwaruza tena. Siku ya pili wakalegea, siku ya tatu wakafa, wote tisa. Nikabandika mayai mengine kumi na manne nikichagua majani machanga kabisa. Wakafa kumi na wanne.

Sindano alikuwa anawasimamia kwa saa nzima bila kunyanyua kichwa, akiandika kwenye daftari. Kisha akaanza kujilaumu. Akasema labda ni mafuta anayojipaka mikononi. Akaacha mafuta. Akasema labda sabuni. Akaacha kunawa kwa sabuni, akawa ananawa kwa majivu, ngozi ikapasuka kwenye viungo vya vidole.

"Mimi ndiye nawaua, baba," akaniambia akinionyesha ile mikono. "Haiwezekani iwe kitu kingine. Nakosea wapi?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Mficha uchi hazai, waliotangulia walisema, na mimi nilikuwa nimeshazaa, naficha, na mtoto ndiye anayeteketea. Nikamwambia apumzike. Hilo tu. Usiniulize kwa nini sikusema siku ile, maana nimejiuliza kukuzidi.

Yeye hakupumzika. Akachukua majani yaliyokuwa na mayai, akayapeleka kwa Mkurugenzi wayatazame kwenye darubini kubwa, wajue ni ugonjwa gani.

Kesho yake niliitwa ofisini. Sindano alikuwa amesimama karibu na dirisha, midomo imemkauka. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya meza, fimbo yake imeegemea kiti, na mbele yake kisahani cha kioo chenye kipande cha jani.

"Mlezi," akasema, "nakuita kama mzazi. Mahali pa kila yai kuna duara la unga wa ngano. Gundi yetu ya lebo. Mayai haya yalibandikwa." Akashusha pumzi. "Mtoto alibanwa na chuo, akakosa data, akatengeneza. Nimewaona wengi. Lakini huyu nilimshika mkono akiwa na miaka minne. Barua ya chuo iko tayari, naisaini leo. Hatafanya utafiti tena popote."

"Sikubandika," Sindano akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Gundi ile inakaa chumba cha viwavi, na ufunguo wake mnao wawili tu, mwanangu. Wewe na baba yako."

Hapo hapo nikajua hakuna pa kujificha tena. Mvuliwa nguo huchutama, lakini mimi nilikataa kuchutama nyuma ya mwanangu.

"Ni mimi," nikasema. "Mayai ni mimi. Na viwavi wote wa wigoni ni mimi, miaka kumi na mmoja. Wigo si mmea wao, Mkurugenzi. Haujawahi kuwa. Mmea wao ni mtambaa wa bondeni. Siku ile ulipoingia na wageni nilikuwa nimewapa majani ya wigo kwa sababu ya mvua."

Niliposema hivyo kifua kilifunguka. Nilivuta hewa mpaka tumboni, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Nikangoja anifukuze.

Mkurugenzi alinitazama kwa huruma. Huruma, jamani!

"Baba gani asingesema hivyo?" akasema. "Hata mimi ningekuwa na mtoto ningejitwika. Kakae chini, Mlezi."

"Nasema kweli!"

"Nimekujua miaka ishirini. Hujawahi kunidanganya hata siku moja." Akavuta barua na kalamu.

Nilipiga kelele, nadhani. Nikaapa kwa Mungu, kwa kaburi la mama, nikapiga meza mpaka kisahani kikaruka. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa, masikini baba wa watu. Kumbe uongo ukikaa sana unachukua kiti chako, na ukweli ukija hauna pa kukaa.

Aliyeniokoa ni Sindano, kama ile ni kuokoa. Alikuwa amefungua daftari lake. Katikati ya kurasa za mwezi wa tatu kulikuwa na unyuzi mweupe umebandikwa kwa utepe.

"Huu niliukuta kwenye jani lililokunjwa," akasema bila kunitazama. "Kichaka namba kumi na saba. Niliandika, 'Umetoka kwenye shati langu.' Baba, ni uzi wa mama?"

"Ndiyo," nikasema.

Akafunga daftari. "Mkurugenzi, naomba leo tu. Tushuke bondeni. Ukiona hakuna kitu, saini."

Tukashuka, sisi watatu. Mkurugenzi na fimbo yake na sketi ya ofisini, akitangulia kila mara kwa ubishi. Kilichomtoa ofisini sikijui. Nadhani ule uzi. Mtambaa ulikuwa mahali pake, majani ya manyoya yamepanda juu ya mawe. Nikakimbilia jani la kwanza lililokunjwa.

"Tazama! Hii hapa nyumba. Na hii. Na yai hili hapa, limetagwa!"

Mkurugenzi akainama na kioo chake. Akalitazama lile yai kwa muda mrefu. Kisha akaninyanyulia macho, na safari hii huruma haikuwepo.

"Na hili nitajuaje hukulibandika?"

Nilikuwa nashuka bonde hili kila Jumapili, nimekiri mwenyewe. Hakuna jani humu ambalo mkono wangu ungeshindwa kulifikia. Kila nilichokinyooshea kidole kiliingia doa hapo hapo, nami bado nimekinyooshea. La kuvunda halina ubani.

"Haki ya Mungu..." nikaanza.

"Baba, usiguse," Sindano akasema.

Nikaachia jani.

Alikuwa ametulia sasa, ametulia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona. Akaangalia jua. Ilikuwa saa nne na kitu. "Majike wanataga jua likipanda," akamwambia Mkurugenzi. "Tutachagua tawi moja lisilo na kitu. Tulikague wote wawili, kila jani, juu na chini. Kisha tukae tusubiri aje mwenyewe. Asipokuja leo, nitakuja kesho." Halafu akanigeukia. "Wewe nenda kakae kwenye lile jiwe kule. Usisogee. Weka mikono magotini niione."

Nikaenda. Jiwe lilikuwa mbali kiasi cha kurusha kijiti. Nikakaa, mikono magotini, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Wao wakakagua tawi kwa kupokezana kioo, wakahesabu majani kwa sauti. Kisha wakakaa chini, Mkurugenzi na sketi yake, bega kwa bega na mwanangu.

Tukangoja. Nzi wakanitua usoni, sikuwafukuza. Nilikuwa naogopa kunyanyua mkono. Saa tano ikapita. Mkurugenzi akabadilisha mguu. Nilimwomba Mungu, na kila nilipofika kwenye neno la kuapa nililiruka.

Ilikuwa karibu saa sita nilipoona kitu cha kahawia kikifyatuka juu ya mawe. Kikatua, kikaruka, kikatua tena. Nikamwona Sindano anashika mkono wa Mkurugenzi. Wakaganda wote wawili. Kutoka pale nilipokuwa sikuona jani, sikuona kipepeo, niliona migongo yao tu. Kisha kile cha kahawia kikafyatuka kikapotea, na vichwa vyao viwili vikainama mahali pamoja.

"Ametaga?" nikauliza.

Sindano alikuwa anatazama kwa kioo, kisha akampa Mkurugenzi, kisha akachukua tena. Nikasikia anacheka, kicheko cha pumzi, kile alichokuwa nacho akiwa mdogo akipata mdudu mpya. Mkurugenzi alikaa chini tena, mzito, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Alipofunua uso, alitoa ile barua ya chuo kwenye mkoba, akaichana mara mbili, akarudisha vipande mkobani. Kisha akachukua fomu mpya na kalamu, akaziweka kwenye mapaja ya Sindano.

"Andika wewe," akamwambia. "Mimi niliharakisha."

Sindano akaandika. Akakata tawi lile lenye yai, akaliweka kisandukuni na majani ya akiba. Nikajua ameokoka, jina lake limeokoka, shahada yake imeokoka, na amegundua mmea ambao ulikuwa haujaandikwa popote. Nilitaka kucheka nilie. Nikanyanyuka kwenye jiwe nikawasogelea.

"Mama, nikubebee kisanduku? Njia ina utelezi."

Akakivuta kifuani. Akamtazama Mkurugenzi, mwenye fimbo, mwenye pumzi fupi, ambaye hata mwili wake mwenyewe alikuwa anaubeba kwa shida, akampa yeye.

"Tangulia mbele, baba," akasema. "Nataka nikuone."

Nikatangulia. Nyuma yangu nikawasikia wanazungumza kwa sauti ya chini, wanacheka kitu, na sikuthubutu kugeuka mpaka tulipofika juu.